Staa Aitwa Tapeli Kisa Sifuri Tano: Kabla ya Kumcheka, Icheki Kwanza Hiyo Kompyuta

Mjini hakukauki mambo. Safari hii aliyepikwa na kupakuliwa mtandaoni ni dada mmoja wa tamthilia (jina kapuni), yule ambaye akivaa kitenge leo, kesho Kariakoo nzima kinaulizwa. Kwa siku tatu mfululizo aliitwa tapeli, mla jasho la watoto wa watu, na majina mengine yasiyofaa kuandikwa mahali ambapo mama mkwe anaweza kupita. Siku ya nne ukweli ukatoka, na watu wale wale wakabadili wimbo: wakaacha kumwita mwizi, wakaanza kumwita mshamba.

Kisa chenyewe ni sifuri tano.

Siyo kiki, siyo bifu la wasanii, siyo mume wa mtu. Ni sifuri tano zilizojiandika zenyewe kwenye kompyuta usiku wa manane, na karibu zimtoe dada wa watu mjini.

ILIVYOKUWA

Dada huyo, mbali na kuigiza, siku hizi anaandaa shoo. Shoo yake ya mwisho ilijaza ukumbi Jumamosi usiku. Ukijumlisha madansa, watu wa mavazi, watu wa taa na wabeba vyombo, waliofanya kazi walikuwa 41. Makubaliano yalikuwa kila mmoja apate shilingi 150,000, na hela itoke kwa mdhamini moja kwa moja kwenda kwenye simu ya kila mtu. Mhasibu wa mdhamini akaweka sharti moja tu: orodha iwe na jina kamili, namba ya simu na namba ya NIDA. Bila hivyo hakuna hela.

Tangazo likapita kwenye grupu la WhatsApp, watu wakamwaga namba zao. Sasa, watu wanadhani staa ana ofisi yenye kiyoyozi na wasaidizi watano. Ile "menejimenti" inayoandikwa kwenye wasifu wa Insta mara nyingi ni mdogo wake wa kuzaliwa na laini ya pili. Kwa hiyo Jumapili usiku dada akakaa mwenyewe na laptopu, akawa anakopi namba moja moja kutoka kwenye grupu na kuzipesti kwenye programu ya majedwali. Saa nane usiku akamaliza, akasevu, akatuma kwa barua pepe, akalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Kumbe deni ndiyo kwanza linaanza.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na kwenye kitambulisho namba nzima imegawanywa kwa vistari. Katika wale watu 41, tisa waliandika namba zao na vistari vyake. Waliobaki 32, kwa haraka za kidole gumba, walimwaga tarakimu tupu zikiwa zimeshikana.

Zile tisa kompyuta ikaziacha kama zilivyo. Zile 32 ikaziangalia, ikaamua yenyewe kwamba hizi ni hesabu, ikazibana na kuziandika kwa mkato, kitu kama 1.99704E+19. Dada alipoona hiyo E katikati akadhani safu imebana. Akaitanua, wapi. Akabonyeza huku na kule mpaka tarakimu zote 20 zikaonekana. Akashukuru Mungu, akaendelea na inayofuata. Hakuangalia zile za mwishoni. Saa nane ya usiku nani anaangalia za mwishoni?

Mhasibu aliangalia. Na alichokiona kilimtoa jasho: watu 32, waliozaliwa miaka tofauti na mikoa tofauti, wote namba zao za NIDA zinaishia na sifuri tano. Tangu ule uhakiki wa watumishi hewa wa mwaka 2016, mhasibu yeyote wa nchi hii akiona kitu cha namna hiyo neno linalomjia ni moja tu: hewa. Madansa hewa. Akawalipa wale tisa ambao namba zao zilikaa sawa, akazuia hela za wengine, shilingi 4,800,000, na kila aliyepiga simu akajibiwa neno moja: "Tunahakiki."

Sasa hapo ongeza bahati mbaya. Katika wale tisa waliolipwa, mmoja alikuwa binamu yake dada.

Alhamisi dansa mmoja akaposti stori, skrini nyeusi, maandishi meupe, akisema wao wamecheza mpaka magoti yameota sugu na hela wamepewa ndugu. Moto ukawaka. Kufika Ijumaa jioni watu waliokuwa hawajui hata hiyo shoo ilifanyika wapi walishakuwa na maoni yenye kurasa mbili. Kufika Jumamosi, mkataba wa dada wa kutangaza mafuta ya nywele ulikuwa umesimamishwa "mpaka hali itulie". Mama yake mzazi alifungiwa kioski na wateja kwa maneno tu, maana mtaani habari haiulizi ni ya mtoto au ya mama.

Jumapili ndiyo dada akaenda na laptopu yake kwa kijana mmoja wa steshenari, yule aliyemchapia tiketi. Kijana akafungua faili, akaangalia mistari mitatu, akacheka kidogo, akasema, "Dada, hii imekula mkia wa namba." Dakika kumi hazikufika. Klipu ya maelezo yake ikapostiwa, na mjini kote wakajua kwamba hakuna aliyeibiwa.

Ndipo wimbi la pili likaja. "Kumbe hajui hata kompyuta." "Staa mzima jedwali linamshinda." "Arudi shule." Skrinshoti za ile namba yenye E zikawa stika za WhatsApp.

MSHTAKIWA AMBAYE HAKUTAJWA

Ukipitia komenti za ile wiki, washtakiwa walikuwa watatu: dada, mhasibu na dansa aliyeposti. Kila mmoja alipata timu yake ya kumtetea na timu yake ya kumchamba. Ajabu ni kwamba aliyeharibu namba hakutajwa na mtu yeyote. Hakuna aliyeuliza: hivi hiyo programu ilipata wapi ruhusa ya kubadilisha kitu ambacho mtu amekiandika?

Chukulia fundi cherehani. Mteja anampelekea kitenge cha yadi 20. Fundi anaona mashine yake inamudu yadi 15 tu. Badala ya kusema, anakata zile tano, anaungia kitambaa cheupe cha urefu ule ule, anakunja vizuri na kurudisha mzigo kimya kimya. Mteja anafika nao kwenye shughuli, anatandaza mbele za watu, aibu. Sasa katika mtaa gani wa Dar es Salaam watu wangemcheka mteja? Huyo fundi angetafutiwa mgambo.

Lakini fundi akiwa kompyuta, mteja ndiyo mshamba.

Na huo mfano wa yadi 15 haukutoka hewani. Kompyuta nyingi huweka namba kwa utaratibu wa kimataifa uliopitishwa mwaka 1985, unaoitwa IEEE 754. Ndani ya utaratibu huo, namba ya kawaida ina nafasi ya tarakimu za uhakika zipatazo 15. Excel, ambayo nayo ilitoka mwaka huo huo wa 1985, inasimama hapo hapo: tarakimu 15 inazishika, zinazozidi inaziandika sifuri. Kwa hesabu hilo halina shida kabisa. Hata ukijumlisha hela za nchi nzima hutafika mahali pa kuililia tarakimu ya kumi na sita.

Tatizo ni kwamba namba ya NIDA siyo hesabu. Hakuna mtu aliyewahi kuchukua NIDA yake akajumlisha na ya mumewe. Ile ni jina la mtu lililoandikwa kwa tarakimu. Namba ya simu ni hivyo hivyo: kuandika 0 mbele siyo urembo, lakini programu inaona sifuri ya mbele haina thamani kwenye hesabu, inaitupa. Namba ya kadi ya benki yenye tarakimu 16 nayo inapoteza ya mwisho. Kwenye orodha ya dada hata sifuri za simu zilikuwa zimeliwa, ila mhasibu alizirudisha mwenyewe kwa sababu kila mtu anajua namba ya simu ya hapa inaanza na sifuri. Mkia wa NIDA haurudishiki hivyo. Ukishasevu na kufunga, ile namba kamili haimo tena ndani ya faili. Imekwenda.

Halafu kibaya kuliko vyote: programu haikusema. Haikulia, haikuwasha taa nyekundu, haikuuliza "una uhakika?" Hiki ndicho chombo ambacho kinamuuliza mtu mara mbili kabla ya kufuta picha ya paka, lakini kinakata namba za vitambulisho vya watu 32 kimya kama hakikuwepo.

WASOMI NAO WALILIA

Wanaosema "ni elimu tu, asome" wasikilize hii kidogo.

Kuna wataalamu wa jenetiki, watu wenye shahada za uzamivu na maabara za mabilioni. Baadhi ya jeni walizozichunguza zilikuwa na majina ya kifupi kama SEPT1 na MARCH1. Kila wakiandika kwenye Excel, programu inaona hapo pana Septemba na Machi, inageuza jina la jeni kuwa tarehe. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta karibu makala moja kati ya tano za jenetiki zilizoambatanishwa na majedwali ya Excel zina makosa ya namna hiyo. Na ilipofika 2020, kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikasalimu amri: ikabadilisha majina ya jeni zenyewe. MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Yaani ilionekana ni rahisi kuubatiza upya mwili wa binadamu kuliko kubishana na programu ya ofisini.

Mwaka huo huo wa 2020, Uingereza, katikati ya corona, karibu wagonjwa 16,000 walichelewa kuingia kwenye takwimu za taifa na kwenye orodha ya kufuatilia waliokutana nao. Sababu iliyotolewa ni kwamba majibu yalipitishwa kwenye faili la mtindo wa zamani wa Excel, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Mistari ilipojaa, iliyobaki ikaachwa nje. Taifa tajiri, ugonjwa unaua, na faili limejaa bila mtu kujua.

Kama hao wote walikwama, dada wa tamthilia aliyetoka kwenye shoo na miguu imevimba alikuwa na nafasi gani saa nane ya usiku?

Ni kweli kwamba watengenezaji wamesikia, ila wamechukua muda wao. Mwaka 2023 Microsoft ilitangaza kuweka kwenye Excel swichi ya kuzima hayo mabadiliko ya kujitakia, ikiwemo kutupa sifuri za mbele na kukata namba ndefu. Mwaka 2023, programu ya mwaka 1985! Na hiyo swichi imefichwa ndani ya mipangilio, inakuja ikiwa haijazimwa chochote, na wenye matoleo ya zamani, ambao ndio kompyuta nyingi za steshenari na ofisi ndogo, hawaioni kabisa. Ni sawa na mwenye nyumba kutengeneza kufuli baada ya wapangaji kuibiwa miaka thelathini na nane, halafu funguo akaziweka juu ya paa.

LAKINI "AJIFUNZE" NAYO INA UKWELI WAKE

Haki ipewe haki yake. Wale wa "ajifunze" hawajakosea kila kitu.

Kizazi cha sasa kimekulia kwenye simu, na simu inamdekeza mtu. Hakuna kusevu, hakuna kujua faili liko wapi, picha inajipanga yenyewe. Mtu anahariri video ya dakika moja, anaweka mziki, maandishi na rangi, akiwa ndani ya daladala la Mbagala amesimama kwa mguu mmoja. Mpe kompyuta umwambie atafute faili alilolipakua jana, anaanza kuangalia dari. Hata kile kialama cha kusevu ni picha ya disketi, kitu ambacho vijana wengi wa leo hawajawahi kukishika, na ambacho picha moja ya simu ya sasa haiwezi kuingia ndani yake. Ni kama kumwambia mtu akate kona kwenye mbuyu uliokatwa kabla hajazaliwa.

Na kozi nyingi za kompyuta za miezi mitatu zinafundisha kukariri. Bonyeza hapa, halafu hapa, halafu hapa, cheti hiki hapa. Mwanafunzi anatoka anajua rangi ya kitufe lakini hajui kwamba jedwali linatofautisha namba na maandishi, jambo ambalo lingemwokoa dada kwa sekunde tano.

Mhasibu naye asipite hivi hivi. Mtu anayeshughulika na majedwali kila siku akiona NIDA 32 zinazoishia na sifuri tano, swali la kwanza lingekuwa kwa faili, siyo kwa madansa. Hata simu moja tu: "Dada, hebu nitumie picha za vitambulisho viwili vitatu nilinganishe." Badala yake akajificha nyuma ya "tunahakiki" kwa siku nne, na ukimya huo ndio uliolisha moto. Na dansa aliyeposti? Njaa haina subira, hilo linaeleweka. Ila kati ya kumpigia bosi wako na kuuita umma wa watu ambao hawadai chochote, kuna hatua moja aliiruka.

Kwa hiyo ndiyo, watu wajifunze. Ila kujifunza kuishi na mtego hakuufanyi mtego kuwa kitu kizuri. Mtu anaweza kufundishwa ni ngazi ipi kwenye nyumba imeoza ili airuke kila siku. Bado ngazi imeoza, na siku mgeni akija ataanguka.

Wengine wakasema dawa ni Kiswahili: kompyuta zikiongea lugha yetu mambo yatanyooka. Ni wazo zuri na wala siyo geni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili zikaitwa Jambo. Menyu za Kiswahili, amri za Kiswahili. Wangapi wanaosoma hapa wamewahi kuziona? Kazi kama ile ilistahili kufika kila shule. Lakini kwa kisa cha dada lugha isingesaidia kitu, kwa sababu programu haikusema kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Ilinyamaza. Na kunyamaza hakuna tafsiri.

AIBU NDIYO INAYOLINDA PROGRAMU MBOVU

Hapa ndipo pa kuongea kwa sauti. Kwa nini programu inafanya kituko hiki miaka karibu arobaini na watu hawapigi kelele? Kwa sababu kila anayekwama anadhani amekwama peke yake. Na anadhani hivyo kwa sababu aliyesema kabla yake alichekwa.

Mjini wamejaa watu wa namna hii. Kuna kijana kwenye usaili aliyepewa laptopu aandike barua, mpangilio ukavurugika, akaogopa kuuliza, akaifunga na kazi ikaenda. Kuna mzee wa ofisini ambaye kila mwisho wa mwezi anamwita mpwa wake kwa kisingizio cha kumsalimia, kumbe ripoti imemgomea. Kuna mama wa VICOBA aliyerudi kwenye daftari la mistari baada ya jedwali kumgeuzia 3/4, yaani ameshalipa awamu tatu kati ya nne, kuwa tarehe, na wanachama wakamtilia shaka. Hakuna kati yao aliyesema "programu imeniharibia". Wote walisema "mimi kompyuta sijui".

Hilo neno "sijui" ni zawadi kubwa sana kwa watengenezaji. Bidhaa ikiharibu kazi, mteja anajilaumu mwenyewe, halafu anaomba radhi. Biashara gani nyingine inapata wateja wa namna hiyo? Mama ntilie akitia chumvi mara mbili kwenye wali, hakuna mteja anayesema "samahani, mimi kula sijui".

Na kelele za watumiaji zinafanya kazi, ushahidi upo. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Windows 8 ikiwa imeondoa kile kitufe cha Start kilichozoeleka pembeni chini. Dunia nzima ikalalamika, kuanzia wakufunzi wa vyuo hadi bibi aliyekuwa anacheza karata. Mwaka uliofuata, toleo la 8.1 lilirudisha kitufe. Na Bill Gates mwenyewe, mwaka 2013, alikiri hadharani kwamba kumtaka mtu abonyeze Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja ili aingie kwenye kompyuta yake lilikuwa kosa. Kwa hiyo vitu hivi havikushushwa na malaika. Vimebuniwa na watu, watu hao hukosea, na wakisemwa vya kutosha hurekebisha.

Sasa kama kila anayejitokeza kusema "hiki kitu kimenisumbua" anageuzwa stika ya WhatsApp, nani atasema tena?

MWISHO WA KISA, KWA SASA

Hela zimelipwa, lakini siyo kirahisi. Dada alilazimika kuomba namba upya, maana lile grupu liliwekewa meseji za kujifuta na zile za mwanzo zilishapotea. Watu 28 wakatuma siku hiyo hiyo. Wanne wakagoma. Wakasema NIDA siyo pipi, hawaitoi mara mbili kwa mtu mmoja bila maelezo. Ikabidi awafuate mmoja mmoja, na mmoja wao akampokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Mkataba wa mafuta ya nywele bado "hali haijatulia". Dansa aliyeposti ameomba radhi kwa stori iliyodumu saa 24, wakati ile ya kumtuhumu ilishaskrinishotiwa na inazunguka mpaka leo. Na waliomwita mwizi? Hao wapo, wanasubiri wa kesho.

Kwa faida ya wanaoandaa harusi, vikao vya michango, shoo na safari za shule: kabla ya kupesti namba yoyote ndefu, mtu anaichagua safu nzima, anaiwekea mfumo wa maandishi, yaani Text, ndipo anapesti, akichagua ifuate mfumo wa pale inapoingia. Akiwa anaandika kwa mkono, aanze na alama ya ritifaa (') kabla ya tarakimu ya kwanza, programu itaiacha namba kama ilivyo. Au aandike NIDA na vistari vyake, kama wale tisa waliolipwa mapema. Na akishamaliza, alinganishe namba tatu nne na kitambulisho chenyewe mpaka tarakimu ya mwisho. Mpangilio ukibadilishwa baada ya namba kuharibika, mkia haurudi.

Na kwa wale ambao bado wana komenti ya "mshamba" kwenye ncha ya kidole, kuna mtihani mdogo. Wafungue jedwali jipya. Waandike NIDA zao, tarakimu zote 20, bila vistari. Wabonyeze Enter. Halafu waangalie kilichobaki, wafute, ndipo waje waseme nani kati ya wawili hao alistahili kuchekwa.

Wadau mnasemaje? Dada alikosea, au alikosewa?